Nephtali Losilo na Samaki Waliokwenda Misa

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Radio Sauti ya Maporomoko, mwenzetu Nephtali Losilo, msomaji wa matangazo, mtunzi wa vichekesho na mwandishi wa riwaya nne ambazo mji mzima unajidai umezisoma, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Mkurugenzi wetu, Papa Ruphin, aliniomba mimi Gertrude wa chumba cha habari niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Alisema ukurasa mmoja unatosha. Bon. Papa Ruphin ananijua vizuri, anajua sijawahi kutangaza hata habari ya mvua kwa ukurasa mmoja, kwa hiyo lawama ni zake.

Niseme pia kwamba huu ni wasifu wa pili. Wa kwanza nilikuwa nimeumaliza wiki iliyopita, ulikuwa na maneno mazuri na machozi kidogo mahali panapotakiwa. Halafu Jumamosi jambo likatokea studioni, tena hewani, nikauchana wote. Waliosikiliza siku ile wanajua ninachosema. Wasiosikiliza wakae vizuri kwenye viti, tutafika.

Papa Nephtali alizaliwa kwenye maporomoko ya hapa Kisangani, kwa Wagenya, watu wa uvuvi. Ninaposema kwenye maporomoko sina maana ya karibu na hapo. Nyumba ya baba yake, marehemu Papa Augustin Losilo, iko mahali ambapo mke akitaka kumwambia mume wake kwamba chumvi imeisha inabidi apige kelele kama anaita mtumbwi, kwa sababu ya ngurumo ya maji. Watoto wa nyumba ile wote wana sauti kubwa. Sisi wa radio tulifaidika.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajawahi kufika kule, nieleze. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa juu ya mawe katikati ya maji makali, wanaifunga kwa kamba za mwituni, na kwenye miti hiyo wananing'iniza vikapu vikubwa, mtu mzima anaweza kuingia ndani. Mdomo wa kikapu lazima utazame maji yanakotoka, ndipo maji yamsukume samaki aingie na ashindwe kurudi. Kila ukoo una mahali pake. Mtoto anafanya kazi kwenye miti ya baba yake, na baba alifanya kwenye miti ya babu. Mtu asiye na miti pale ni mgeni tu, hata kama alizaliwa hatua chache kutoka majini. Anasimama ukingoni, ananunua samaki, anarudi kwake.

Papa Augustin alikuwa na wana wawili. Mkubwa ni Octave, ambaye sote tunamwita Yaya, yaani kaka, kama mdogo wake anavyomwita. Huyo ni mtu wa mabega mapana na maneno machache, alipanda kwenye miti akiwa bado mdogo na hajashuka mpaka leo. Wa pili ni Nephtali wetu. Mikono ya Nephtali haikuwa ya kamba. Fundo lake la kwanza lilifunguka lenyewe, la pili likamfunga yeye mwenyewe kidole. Kilichokuwa kinafanya kazi kwake ni mdomo, na baba yake, mtu mwenye akili, alimwacha aende kuutafutia kazi.

Aliipata kwenye boti lililokuwa likienda Isangi na kurudi. Walimpa fito ndefu akae mbele, apime kina cha maji na kumwitia nahodha. Kazi rahisi: unachovya, unaangalia, unaita. Lakini Nephtali aliona namba hazina ladha. Badala ya kusema maji ni ya kina gani, aliita, "Yanafika kwenye mukanda wa Monsinyori!" Au, "Mama-mukwe yangu anaweza kuvuka bila kuvua viatu!" Abiria walifurahi sana. Nahodha alivumilia mpaka siku boti lilipokaa juu ya mchanga, wote wakiwa wanacheka, na yeye mwenyewe akiwemo. Alimshusha Yanonge na kumwombea heri.

Kutoka hapo alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini, akipanga herufi za kadi na programu za kanisani. Aliipenda kazi ile. Ila alichanganya programu ya ndoa na ya mazishi, na maarusi fulani wa Mangobo, ambao sitawataja maana wamealikwa leo, walisoma chini ya picha yao maneno haya: "Tutaonana mbinguni." Bado wameoana. Bwana anasema aliyachukua kama onyo.

Radio yetu ilipofunguliwa, Papa Nephtali alikuwa wa kwanza kubisha mlango. Alipewa matangazo ya familia, ile saa ambapo mtu wa mjini anamjulisha mtu wa kijijini kwamba mtoto amefika, kwamba mgonjwa amepona, kwamba watume muhogo. Wengi wetu tunaisoma saa ile kama tunasoma orodha ya sokoni. Yeye aliisoma kama anaongea na mtu aliyekaa mbele yake. Mama mmoja alileta ujumbe kwa mume wake aliyekwenda Yahuma kulima na kusahau kurudi. Ujumbe ulisema arudi nyumbani. Papa Nephtali akausoma, akaongeza la kwake: "Na usijifanye hukusikia, papa, betri ya radio yako iko mupya." Yule bwana akarudi, tena na mbuzi. Alipitia hapa kwanza, uso umemshuka, kutuuliza nani alituambia habari za betri.

Hakuwa mtu wa mizaha saa zote, nataka vijana wetu walijue hilo. Siku zile mbaya za mabomu mjini, tulipoweza kurudi kwenye kipaza sauti, ni yeye aliyeketi. Watu walitaka kusikia kichekesho, walimwomba hivyo, hata mimi nilimwomba. Alikataa. Alisoma majina ya watu waliopatikana wakiwa hai, mtaa kwa mtaa, kuanzia asubuhi mpaka sauti ikamkauka, akanywa maji akaendelea. Mama yangu alisikia jina langu pale. Kwa hiyo nikimtania katika karatasi hii, mjue ninamtania mtu ambaye siwezi kumlipa.

Baadaye kikaja kipindi chake, "Mtumbwi Unavuja", kila Jumamosi asubuhi. Sina haja ya kuwaeleza. Waendesha toleka walifunga viredio kwenye usukani wa baiskeli zao, na Kapita, yule mvuvi mwenye majivuno aliyebuniwa na Papa Nephtali, alipofika mahali pa kuchekesha, waliacha kukanyaga pedali katikati ya barabara. Abiria alifika kazini amechelewa, mkubwa wake akauliza, akajibu "Kapita", na mkubwa akasema haya, kaa, lakini simulia maana mimi nilikosa mwisho.

Mimi binafsi aliniharibia maisha. Nilisoma habari mara tu baada ya kipindi chake, na yeye badala ya kwenda kunywa chai alibaki nyuma ya kioo, uso mkavu kama wa hakimu, amevaa miwani juu chini. Siku moja nilicheka katikati ya habari ya bei ya muhogo. Aka! Watu walipiga simu kwa wiki nzima wakitaka kujua bei ya muhogo inamchekesha nini Mama Gertrude, au yeye hauli? Papa Ruphin aliniita ofisini. Nephtali akaja kunitetea, akaeleza kwa upole kwamba nina ugonjwa wa familia. Nilikaa mwezi mzima bila kuzungumza naye, isipokuwa saa za chakula, maana pondu ya mke wake, majani ya muhogo yaliyopondwa, haina mpinzani.

Mke wake ni Mama Chantal, na tunampa pole na pongezi kwa pamoja. Riwaya ya kwanza ilipoleta chochote, Papa Nephtali alinunua mashine ya kutengeneza barafu inayoendeshwa kwa miguu, eti umeme ukikatika mji mzima utakunywa baridi kwake. Alikanyaga. Wanawe walikanyaga. Sisi wafanyakazi wa radio tulialikwa kwa heshima kubwa tukakanyaga. Ilitoa maji ya uvuguvugu. Mama Chantal aliifanya banda la kuku, na anasema ni banda zuri.

Sasa vitabu. Riwaya nne, na ile ya pili, Kapita wa Maji Makali, ndiyo iliyomtoa hapa ikampeleka Bunia, Goma, Lubumbashi na hata Kinshasa, ambako walimvalisha shada la maua na kumkosea jina. Wanafunzi wa chuo chetu wanaiigiza kila mwaka. Kuna ukurasa mmoja ambao kila mtu wa Kisangani anaujua kwa moyo. Ni Siku ya Mungu, yaani Jumapili, wageni wakubwa wamekuja kuona uvuvi. Kapita anajivuna, anashusha kikapu, lakini amekifunga kinyume, mdomo unatazama maji yanakokwenda. Anakivuta mbele ya watu wote. Kitupu. Na Kapita, mjinga wa watu, anawaambia wageni bila kupepesa macho kwamba samaki wote wamekwenda Misa.

Nchi ilicheka. Shida ni moja: jambo lile halikubuniwa. Lilitokea kwenye miti ya Papa Augustin Losilo, wana wake wakiwa vijana, na aliyesema maneno yale ni Yaya Octave.

Katika ukoo wao kuna desturi: kinachotokea juu ya miti hakisimuliwi mjini. Mtu akianguka, akipoteza kikapu, akitoka mikono mitupu, yanabaki hukohuko kwenye maji, kwa sababu mvuvi akichekwa sokoni asubuhi hawezi kuuza vizuri jioni. Papa Nephtali aliijua desturi hiyo tangu utoto. Alidhani kubadilisha jina kunatosha. Lakini wiki haikuisha watoto wa sokoni wakawa wanamfuata Yaya Octave nyuma, "Yaya, Misa imeisha?" Na Yaya Octave akamtumia mdogo wake neno kupitia Mama Chantal, fupi kama kawaida yake: "Asikanyage tena miti ya papa."

Na hakuikanyaga. Zaidi ya miaka ishirini.

Msifikiri hakuomba msamaha. Aliomba, na hapo ndipo nilipomhurumia kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu aliyezoea kuchekesha watu akiomba msamaha hakuna anayemwamini. Aliomba hewani, kwa sauti ya kutetemeka kweli, na simu zikamiminika: Papa Nephtali leo umetuua! Akaenda mwenyewe na mchungaji, Mama Chantal na mbuzi dume. Mchungaji alikuwa ameanza sala nzito ya upatanisho mbuzi akaitikia "Meee" mahali pa "Amina". Mchungaji akaangua kicheko. Yaya Octave aliwapa maji ya kunywa, akawarudishia mbuzi wao, akaingia ndani. Mwisho Papa Nephtali aliamua ukurasa ule ukatwe kitabu kitakapochapishwa tena. Tulidhani hilo litamfurahisha mzee. Akatuma neno kwamba ukurasa usikatwe. Hatukuelewa. Tukasema ni kiburi, tukanyamaza.

Miezi ya mwisho kabla ya kustaafu, kila mtu alimwuliza Papa Nephtali atafanya nini. Aliwajibu ovyo: atafungua shule ya kulala mchana, ataifufua mashine ya barafu. Lakini Mama Chantal alinieleza anavyofanya Siku ya Mungu baada ya kanisa. Anakwenda maporomoko, anasimama ukingoni wanaposimama watalii wenye kamera, anatazama miti ya baba yake na mtu aliye juu yake, ananunua samaki kwa bei ya mgeni, anarudi. Nilimwuliza. Hakucheka. Alisema, "Gertrude, mutu anaweza kuchekesha muji muzima, na kwao hana hata muti moja ya kushika." Alitaka jambo hilo moja tu, kumaliza siku zake kule juu na kaka yake, na kaka yake naye hazidi kuwa kijana. Nililia kwenye gari la radio, na dereva ni shahidi.

Basi Jumamosi iliyopita kilikuwa kipindi chake cha mwisho. Studio imejaa, mafundi, wake za mafundi, wote tumebanana. Kipindi kiko katikati, taa nyekundu inawaka, mlinzi akaja mbio: kuna mzee getini, amekuja na toleka, anataka kusema kwenye radio. Nikatoka. Alikuwa Yaya Octave, na koti la kanisani. Mwendesha toleka alimshika mkono kwenye ngazi, na mkono wake mwingine ulikuwa ukipapasa ukuta. Papa Ruphin, ambaye anaogopa wazee kuliko anavyoogopa wizara, alifungua mlango wa studio taa ikiwa inawaka.

Papa Nephtali aliponyanyua macho, karatasi zilimwanguka zote. Yaya Octave akakalishwa mbele ya kipaza sauti cha pili. Aliongea kama watu wa maporomoko wanavyoongea, kwa kupiga kelele, na fundi akakimbilia vitufe vyake.

"Miye naitwa Octave Losilo. Ule Kapita ya mu kitabu, ni miye. Bon. Nimekuya kusema vile ilikuwa."

Akasimulia. Siku ile ya wageni, kikapu kilifungwa na papa mwenyewe, baba yao. Macho ya papa yalikuwa yameanza kuisha, na aliyejua ni Octave peke yake. Mzee alikifunga kinyume, na Octave aliliona kosa kikapu kikiwa tayari kinapanda, kitupu, wageni wanatazama, wanunuzi wanatazama, wakubwa wa koo nyingine wanatazama, na papa amesimama pembeni hajui. Wakijua mzee haoni, watasema miti yake wapewe wengine. Kwa hiyo Octave akasema la kwanza lililomjia.

"Nikasema, samaki yote imeenda Misa. Batu wakanicheka miye. Hakuna mutu aliangalia papa."

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Wageni wakiwa bado wanashika mbavu, alisema, alikigeuza kikapu mdomo utazame maji yanakotoka, akakishusha tena, na baada ya muda akakivuta. Ndani mlikuwa na samaki mkubwa. Mdogo wake hakuliona hilo la pili, alikuwa ameshatumwa kuleta mtumbwi wa wageni. Octave akamshika samaki yule, akamwinua watu wote wamwone.

"Nikaambia wageni: huyu ametoka Misa mbele ya sadaka kuanza."

Jamani. Nimefanya kazi na mchekeshaji miaka yote hii, na sijawahi kusikia kicheko kama kile. Fundi aliinamia mashine zake. Papa Ruphin alitoka nje akarudi, akatoka tena. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu na kitenge changu kipya. Na kila mmoja wetu, nadhani, alielewa kwa wakati mmoja. Kapita wa kitabuni anasema samaki wamekwenda Misa kwa sababu ni mjinga. Yaya Octave alisema kwa sababu ana akili kuliko wote waliokuwa ukingoni siku ile. Ule ulikuwa mzaha, tena mzuri, na mtu mmoja ambaye hakuuelewa ni mchekeshaji wetu mashuhuri.

Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama kaka yake, mdomo wazi.

"Sikukasirika juu ya batu kunicheka," Yaya Octave alisema, na safari hii alipunguza sauti. "Nilitaka batu wacheke. Nilikasirika juu mudogo yangu, damu yangu, aliamini niko mujinga. Ungeniuliza, Nephtali. Ningekuambia."

Mzee akaendelea, maana hakuwa amekuja kugombana. Akasema macho yake sasa yanakwenda njia ileile ya papa. Mwezi huu alishusha kikapu kinyume, yeye, Octave, mbele ya wajukuu na wanunuzi. Akajaribu dawa yake ya zamani, akawaambia samaki wako Misa.

"Hawakucheka. Walishasoma mu kitabu."

Hapo hata sisi hatukujua tucheke au tulie, tukafanya yote mawili.

"Donc kuya ku miti ya papa," akasema. "Miye niko na mikono bado. Weye unaangalia midomo ya vikapu."

Wasikilizaji wengi walipiga simu kuuliza kama mtambo ulikatika. Haukukatika. Papa Nephtali Losilo, mtu ambaye hajawahi kuacha sekunde moja tupu hewani, alikaa kimya, na Papa Ruphin alimkataza fundi asiguse kitu. Kisha akasema, "Ndiyo, yaya." Basi. Ndiyo sentensi fupi kuliko zote katika kazi yake, na kipindi kiliishia pale.

Ukurasa ule hautakatwa. Utamaliziwa. Mchapishaji amekubali kwamba katika toleo jipya Siku ya Mungu ile itasimuliwa mpaka mwisho, na jina la Octave Losilo litaandikwa pale kama mwenye maneno. Papa Nephtali ameandika mistari hiyo mwenyewe, akaisoma kwa sauti kwa kaka yake, na kaka yake akambadilishia maneno mawili. Nasikia alikuwa sahihi.

Papa Nephtali, radio hii inakushukuru. Inakushukuru kwa saa za matangazo, kwa kila mama wa mtoni aliyelala vizuri kwa sababu ulimwambia mwanawe amefika. Inakushukuru kwa Jumamosi zote, kwa vijana uliowafundisha kusoma taratibu, kwa ile asubuhi ya majina. Mimi nakushukuru na kukusamehe ile habari ya muhogo, ingawa si kabisa. Mama Chantal, asante kwa pondu, na asante kwa kuvumilia nyumba mbili, hii ya radio na yako. Tunawaombea wote wawili afya, usingizi mzuri, na siku nyingi za kukaa bila kutazama saa.

Na neno la mwisho si la Papa Nephtali. Ni la mzee aliyekaa kiti cha mbele, mwenye koti la kanisani, ambaye mtu aliye karibu naye namwomba amsomee kwa sauti kubwa. Yaya Octave, tumekaa na mdogo wako muda mrefu. Tumemcheka, tumekula chakula chake, tumemzoea, na kwa kweli tulianza kudhani ni wetu. Tunamrudisha kwenu. Jumatatu asubuhi atakuwa kwenye miti.